Usitazame Jino, Tazama Fizi

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, tulisimama kando ya Naivasha Road hapa Satellite, Nairobi, watu kama kumi hivi, tumemzunguka kijana wa jirani yangu aliyekuwa ametoka kuwekewa vinia sita za mbele, yale maganda membamba ya kufunika meno. Walimsifu hadi akaona haya. Mama mmoja aliuliza bei papo hapo, na shangazi yake akaapa kwamba bintiye naye atapelekwa huko huko kabla ya harusi ya Desemba. Kijana akanunua hindi choma, akauma, akaliondoa mdomoni ili aendelee na mazungumzo. Kwenye punje zilizobaki palikuwa na mstari mwembamba wa damu. Hakuna aliyeuona ila mimi, na tangu siku hiyo sijatulia.

Nimekaa maabara ya meno miaka 26. Krauni, vinia na meno bandia hupita mikononi mwangu kabla hayajafika kinywani mwa mtu. Naandika kwa sababu sifa za ovyo zinaua ufundi. Fundi anayesifiwa kwa kazi mbovu hana haja ya kunyoosha mkono wake, na mgonjwa anayesifiwa huku fizi zinavuja damu hawezi kurudi kudai haki yake. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ni wakati tujifunze kuchungulia ndani.

Weupe kwanza, tumalizane nao, maana ndio unaowapoteza wengi. Jino halikuumbwa jeupe. Enameli hupitisha mwanga, na rangi tunayoiona hutoka zaidi kwa dentini iliyo nyuma yake, nayo ina umanjano. Kwenye kibao cha rangi cha kampuni ya Vita, chenye vipande 16 kuanzia A1 hadi D4, watu wazima wengi ninaowapimia huangukia A2 au A3, na hiyo ni rangi ya heshima. Jino zuri lina giza kidogo shingoni, tumbo lenye joto, na ncha inayopenyeza mwanga. Meno yenye rangi moja kutoka kwenye fizi hadi ncha ni vigae vya ukutani. Na rangi huchaguliwa asubuhi, karibu na dirisha, mwanzoni kabisa mwa kazi. Aliyechagua rangi alasiri chini ya taa amekosea, hata ikitokea amepatia.

Kung'arisha kwa peroksaidi ni kazi halali ikifanywa kwa subira. Mwaka 1989 madaktari wa meno Haywood na Heymann walieleza njia ya kulala na kisahani laini chenye jeli ya kabamaidi peroksaidi ya asilimia 10, usiku baada ya usiku, na kwangu mimi hakuna iliyoipita. Laghai wa rangi utamjua kwa kamera yake: anakupiga picha ukiwa bado kitini. Jino lililoachwa wazi hewani kwa muda hukauka, na jino kavu huonekana jeupe kuliko lilivyo. Likishanywa mate siku chache, rangi hurudi nyuma. Hukumu ya weupe hutolewa wiki mbili baadaye. Tena dawa hiyo haibadilishi rangi ya krauni wala ya sehemu iliyozibwa, kwa hiyo asiyeuliza habari za krauni zako kabla ya kufungua chupa hajui anachokifanya.

Kuna pia ndugu zetu waliokulia Naivasha, Nakuru na Elementaita, wenye madoa ya kahawia. Maji ya Bonde la Ufa hubeba floraidi kutoka kwenye miamba ya volkeno, na mtoto akiyanywa wakati meno yake yanaumbika, doa huingia kwenye enameli yenyewe. Madoa ya namna hiyo yalimsumbua daktari McKay kule Colorado Springs, Marekani, hata akamwita bingwa G. V. Black waje kuyachunguza pamoja. Waliona jambo la kushangaza: meno yale ya kahawia yalikuwa hayaozi upesi. Sababu, yaani floraidi ya majini, ilithibitishwa mwaka 1931. Doa kama hilo mara nyingi huweza kupunguzwa kwa kusugua juu juu kwa asidi na unga laini. Anayekimbilia kusaga jino zima, gumu, lisilooza, ili alivike vinia, huyo kwangu ni mharibifu.

Sasa nifike nilikokuwa nakwenda. Asiyejua hutazama jino. Anayejua hutazama pale kazi ya mkono inapoisha na mwili unapoanza, kwenye ukingo, ule mstari ambapo krauni au vinia inakutana na jino lenyewe chini ya mdomo wa fizi. Kila kitu kingine kinaweza kupakwa rangi. Ukingo haudanganyi, kwa kuwa fizi ndiyo shahidi wake, na fizi haihongeki.

Wengi wetu tuna fizi nyeusi au za kahawia, kwa hiyo maneno ya vitabu kuhusu fizi ya waridi hayatufai sana. Tazama umbo. Fizi yenye afya inakomea kwenye jino kwa makali membamba kama ya kisu. Ngozi yake mara nyingi ina vitobo vidogo vidogo kama ganda la chungwa. Katikati ya jino na jino hupanda pembe iliyochongoka na kujaza nafasi yote. Fizi iliyokasirika huvimba mdomo, ikawa ya mviringo na nyororo, inang'aa kama puto, na ile pembe huwa butu. Ukiona hivyo kuzunguka meno sita mapya huku meno ya jirani yana fizi tulivu, huhitaji kuuliza zaidi. Mwili umekwisha kuikataa kazi ile.

Sababu huwa mbili. Ya kwanza ni pengo. Mwaka 1971 watafiti McLean na von Fraunhofer, baada ya kupima kazi 1,000 vinywani mwa watu, walisema pengo la ukingo likifika mikroni 120 bado linavumilika. Huo ni unene wa nywele moja nene na ushee, na bakteria mmoja ana upana wa mikroni 1 hivi. Fikiria basi lango hilo linavyoonekana kwake, na fikiria kazi ambazo pengo lake unalihisi kwa ncha ya chuma bila hata kuvaa miwani. Sababu ya pili ni kina. Kati ya mfupa na ukingo wa krauni, fizi inataka nafasi yake ya milimita 2 hivi ya kujishikiza. Daktari mwenye haraka ya kuficha mstari huuzamisha ukingo hadi anaivamia nafasi hiyo, na fizi hupigana naye maisha yote.

Vinia za kijana wetu zilipakwa komposite mdomoni alasiri moja, zikasukumwa shingoni kwa kidole, zikaachwa na ngazi. Ngazi hiyo hukamata ukoga ambao mswaki hauufikii, na ukoga ukikaa hugeuka ugaga. Jipime mwenyewe. Pitisha ukucha taratibu kutoka kwenye fizi kwenda kwenye jino: ukikwama, pana ngazi. Kisha pitisha uzi wa meno kila upande. Ukitoka umechambuka nyuzinyuzi, ukingo ni mbovu. Ukitoka unanuka, uchafu una makazi. Na usipopita kabisa, basi aliyekufanyia ameyagandisha meno yako yote kuwa ubao mmoja, na hilo ni kosa lisilo na msamaha.

Mzee aliyenifundisha alikuwa akichora ukingo kwenye mfano wa meno wa plasta kwa kalamu nyekundu, anavisha krauni ya nta juu yake, kisha anafumba macho na kuuzungushia ncha ya chuma kama anayesikiliza redio ya mbali. Krauni yangu ya kwanza alinirudishia mara saba. Siku moja ililetwa alama ya meno kutoka kwa daktari mkubwa wa mjini, na mzee akairudisha na karatasi yenye maneno mawili: "Sioni ukingo." Daktari alipiga simu kwa hasira. Kesho yake alama mpya ililetwa, safi, na tangu hapo daktari yule hakupeleka kazi kwa mtu mwingine.

Nimeona pia mwenzetu aliyekuwa akiikwangua plasta kisirisiri ili krauni iteleze na kuingia bila ubishi. Madaktari walimpenda, kwa kuwa krauni zake hazikuhitaji kurekebishwa kitini. Zilikuwa zimelegea, na pengo lilijazwa simenti. Simenti huoshwa na mate. Miaka michache baadaye jino lilikuwa limeoza chini ya kofia, na aliyelaumiwa alikuwa mgonjwa, kwamba hapigi mswaki.

Wapo watakaosema vinia za siku moja ni za Hollywood. Ni kweli, na historia yake inafaa kujulikana. Daktari wa meno Charles Pincus aliwabandikia waigizaji maganda membamba kwa unga wa kushikiza meno bandia, wakapigwa filamu, wakayavua kabla ya kula. Hakumdanganya mtu: yalikuwa ya kamera. Ilibidi mtafiti Buonocore aoneshe mwaka 1955 kwamba asidi ya fosforiki huikwaruza enameli ikashika gundi, ndipo vinia ya kudumu ikawezekana miaka ya themanini. Neno zito hapo ni enameli. Vinia hushika enameli. Fundi hodari hupunguza nusu milimita hivi, au asipunguze kitu. Anayesaga hadi kwenye dentini ameondoa ardhi anayotaka kujenga juu yake, na enameli ikiondoka haioti tena. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Kuhusu bresi nitasema machache. Asiyepiga eksirei hana ruhusa ya kugusa waya. Asiyesafisha ugaga kwanza anafunga uchafu ndani ya chuma. Jino husogea takriban milimita 1 kwa mwezi, na nafasi ya gego dogo lililong'olewa ni milimita 7 hivi, kwa hiyo anayekuahidi kuifunga kwa miezi mitatu amekuahidi kitu ambacho mfupa haujui. Na usihukumu bresi kwa tabasamu. Mwambie mtu aume, kisha tazama magego yanavyokutana. Halafu uliza kishikizi cha kuvaa baadaye kiko wapi, kwa kuwa meno yana kumbukumbu ya kwao. Na mwanya wa mbele haufungwi. Mwanya ni uzuri, na bibi zetu walijua.

Nikiwaona wazee wa Mombasa wenye jino la dhahabu moyo wangu hutulia. Dhahabu ni laini. Fundi aliweza kuusugua ukingo hadi ukalala juu ya jino. Leo mashine huchonga zirkonia, na mashine njema huchonga vizuri, lakini haisugui, haifumbi macho, wala hairudishi kazi mara saba. Bado mafundi wapo. Chuo Kikuu cha Nairobi kinafundisha udaktari wa meno tangu 1974. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno lina orodha yake, na leseni huhuishwa kila mwaka: iulize kabla ya kuuliza bei.

Kijana nilimvuta pembeni, nikamwambia arudi, asikubali kuambiwa damu itazoea. Jioni nikapita Waithaka kumjulia hali bibi mmoja. Daftari la mzee linasema mwaka 1991 alimtengenezea krauni ya mbele. Nilimwomba afungue mdomo mbele ya dirisha. Nikatazama fizi moja baada ya nyingine, zote nyeusi, kali, tulivu. Nikashindwa. Nikamuuliza, bibi, ni lipi? Akapitisha ulimi huku na huku, akaurudisha, akacheka. Hakumbuki.