Taa ya oili iliyowaka mlimani: Probox la Kemambo lilivyosafishwa tope

Dalili ilikuwa ya kinyume. Taa nyekundu ya oili haikuwaka gari likiwa sailensa stendi, yaani injini ikizunguka bila kukanyagwa, bali ilikuwa ikiwaka abiria wakishajaa na gari likipanda kwa gia ya chini kutoka Kemambo, eneo la Nyamongo, kuelekea Nyamwaga na Tarime. Dereva akizima, akasubiri kidogo na kuwasha tena, taa imetoweka. Swichi ya taa ilikwishabadilishwa mara moja kwa kudhaniwa mbovu. Stiki ya oili ilionyesha kiwango sawa, nyeusi lakini sawa.

Wengi wangesema metali zimekwisha. Metali za krankshafti zikilika, presha huanguka injini ikiwa ya moto na ikizunguka polepole, kwa sababu oili nyepesi inavujia kwenye nafasi zilizopanuka na pampu haizunguki kwa kasi ya kufidia. Ukikanyaga mafuta, taa inazima. Probox hili lilifanya kinyume chake. Pampu ilipozunguka polepole ilipata oili ya kutosha. Ilipozunguka kwa kasi ilivuta kuliko kilichoweza kupita. Maana yake kuna kitu kimeziba njia kabla ya pampu, na kabla ya pampu kuna kitu kimoja tu: chujio la waya lililo ndani ya sampo. Injini ikizimwa, mvuto unakoma, uchafu unadondoka kutoka kwenye waya, na safari inayofuata huanza bila taa. Uchunguzi mzuri kama huo haukuhitaji kompyuta. Ulihitaji kumuuliza dereva taa inawaka wapi, swali ambalo gereji nyingi haziulizi.

Fundi alithibitisha kwa geji. Alifungua swichi ya presha, akafunga geji ya mshale mahali pake, akamwambia kijana akanyage. Mshale ulipanda, ukatetemeka, kisha ukashuka wakati injini bado inalia kwa juu. Metali mbovu hazifanyi hivyo.

Tope lenyewe lilitoka wapi? Kila lita ya petroli inayoungua huzaa takribani lita moja ya maji, mengi yakitoka kwa eksozi kama mvuke. Sehemu ya gesi hupenya kando ya ringi za pistoni na kushuka kwenye sampo pamoja na masizi, petroli isiyoungua na tindikali. Injini ikipata moto wa kutosha kwa muda mrefu, mvuke huo hutolewa na valvu ndogo iliyo kwenye tapeti kava na kurudishwa kuchomwa. Gari la safari fupi fupi, la kuwasha na kuzima, haliufikii moto huo, kwa hiyo maji yanabaki. Upande wa pili, oili inayozidishiwa joto huchakaa haraka: kwa kanuni ya jumla, kila nyuzi 10 za ziada huongeza kasi ya kuoza kwake karibu mara mbili. Oili huwa na kemikali za kushikilia uchafu uelee usigande. Zikiisha, uchafu unajishika wenyewe.

Kuna sababu nyingine isiyoandikwa kwenye kitabu cha injini, nayo ni hesabu. Mchomoko, yaani gari dogo la abiria kama hili, huingiza fedha ukiwa barabarani. Dereva anadaiwa hesabu ya tajiri kila jioni, na siku gari likilala gereji hesabu haipo. Basi oili inaongezwa tu, haimwagwi. Ikimwagwa, inabaki filta ya zamani. Na dukani dumu la bei ya chini mara nyingi ni 20W-50 lenye herufi SF, daraja ambalo taasisi ya API inalihesabu kuwa la injini za mwaka 1988 kurudi nyuma. Probox ilizinduliwa mwaka 2002. Kuipa injini yake ya 1NZ-FE oili hiyo kwa imani kwamba injini ya zamani inataka oili nzito ni desturi ninayoipinga kila ninapopata nafasi. Injini hii ina mnyororo unaokazwa kwa presha ya oili na mfumo wa VVT-i unaopitisha oili kwenye vichujio vidogo sana; asubuhi ya baridi ya Tarime, oili nzito hukawia kufika huko.

Msomaji asidhani ni tatizo la uswahilini. Mwaka 2002 Toyota ilitangaza nchini Marekani mpango wa kubeba gharama za injini zilizoharibiwa na oili iliyoganda, kwa magari takribani milioni 3.3 ya Toyota na Lexus ya miaka ya 1997 hadi 2002. Injini zilizohusika ni 5S-FE na 1MZ-FE. Mwenye Harrier ya toleo la kwanza huenda anazijua herufi hizo, kwani nyingi zilikuwa nazo chini ya boneti. Kampuni ilisisitiza kwamba chanzo ni wenye magari kuchelewa kubadilisha oili. Wenye magari walilaumu muundo wa injini. Magari yale yalikuwa na barabara nzuri na oili nzuri, na bado oili iliganda.

Turudi gereji. Kijana mmoja alileta pendekezo ambalo kila dereva amewahi kulisikia: "Mura, tumwagie dizeli lita moja, tuiache sailensa dakika kumi, itatoka yote."

Fundi mkubwa alimjibu kwa swali: "Itoke ipitie wapi?"

Hapo ndipo uchambuzi wote ulipo. Tope lililolala juu ya silinda hedi halina madhara ya haraka. Linaua likianza kusafiri. Dizeli hulilegeza kwa vipande, vipande vinashuka kwenye sampo, na chujio ambalo tayari halipumui linapokea mzigo wa mwisho. Wakati huohuo oili imekuwa nyepesi, na krankshafti inazunguka ndani ya metali kwenye nafasi ya sehemu ndogo sana ya milimita, nafasi inayolindwa na unene wa oili peke yake. Gari linaondoka gereji likinguruma vizuri na linanoki njiani. Dereva analaumu bahati. Dawa za kusafishia zinazouzwa kwenye makopo pia hazibadilishi swali la fundi: kama chujio limeziba, nazo zitaliziba zaidi.

Kwa hiyo walianza chini. Oili ilimwagwa ikiwa ya moto ili itoke na uchafu wake. Sampo ya 1NZ-FE ina sehemu mbili, na ile ndogo ya bati ya chini inafunguka bila kushusha injini. Kazi ngumu ni kuibandua kwenye silikoni bila kuikunja mdomo. Ndani kulikuwa na tope zito kama uji wa ulezi uliolala. Lakini tope halikuwa peke yake kwenye chujio. Waya ulikuwa umenasa nyuzi za silikoni, mabaki ya fundi aliyewahi kufunga sampo hiyo na kuipaka gundi kwa ukarimu. Gundi iliyozidi hujikamua ndani, ikakatika, ikavutwa. Tope lilipata mahali pa kushikilia. Ninaamini bila nyuzi zile chujio lingevumilia muda mrefu zaidi.

Kisha juu. Tapeti kava ilifunguliwa, matundu ya kurudishia oili yakazibwa kwa vitambaa kabla ya kugusa chochote, na tope likakwanguliwa kwa kipande cha plastiki. Brashi ya waya ilikataliwa: uzi wake mmoja ukidondoka unafanya kazi ile ile ya silikoni, na kwa ukali zaidi. Baada ya hapo vitambaa vilitolewa na matundu yakazibuliwa kwa spoku ya baiskeli, sampo ikiwa bado wazi ili kinachodondoka kidondoke kwenye beseni. Kava ililowekwa kwenye mafuta ya taa, nje ya injini, mahali pake halali. Valvu ile ndogo ya kutoa mvuke ilitikiswa sikioni, haikulia, ikabadilishwa. Kichujio kidogo cha VVT-i kilisafishwa.

Ufungaji ulikuwa wa silikoni nyembamba, na gari likaachwa hadi gundi ikakauka ndipo oili ikawekwa, lita 3.7 hivi za 5W-30 ya daraja la SN, pamoja na filta mpya. Dereva alinung'unika kwa ajili ya hesabu. Geji ilipofungwa tena, mshale ulipanda na injini na ukakaa.

Usafi haukuishia hapo, kwa sababu njia za ndani hazifikiwi na mkono. Hizo ziliachiwa oili yenyewe: kumwaga baada ya kilomita 500, tena baada ya 1,000, kisha 2,000, ndipo kurudi kwenye 5,000. Oili kuwa nyeusi haraka katika awamu hii ni habari njema. Filta ya zamani ilipasuliwa kwa msumeno kila mara na karatasi yake kutandazwa juani. Punje nyeusi zinazosagika kidoleni ni tope. Vimulimuli vinavyong'aa ni chuma, na chuma kingekuwa hadithi nyingine. Mitambo mikubwa ya migodini hupimiwa sampuli za oili maabara kwa lengo hilo hilo. Nje ya uzio wa mgodi, msumeno na jua vinatoa nusu ya jibu bure.

Oili chafu iliwekwa kwenye madumu, na mafundi seremala waliichukua kupaka nguzo dhidi ya mchwa. Haikumwagwa mtaroni, kwa sababu mitaro ya huku hushukia Mto Mara.

Gari hili pia lilikuwa likitoa moshi wa bluu asubuhi, na huo haujaisha. Ringi za kukwangua oili zikishakwama kwenye pistoni, oili safi huweza kuzilegeza kidogo baada ya maelfu ya kilomita, au isiweze kabisa. Dereva anaongeza karibu nusu lita kati ya sevisi na sevisi, na taa haijawaka tena mlimani.