Roboti ya Baraka Katika Mji wa Luther

Mwaka 2017, yalipoadhimishwa miaka 500 ya Matengenezo, Kanisa la Kiinjili la Hessen na Nassau liliweka katika maonyesho ya Wittenberg roboti iitwayo BlessU-2. Mtu aligusa kioo kifuani pake, akachagua sauti ya kiume au ya kike, kisha aina ya baraka aliyoitaka. Roboti iliinua mikono yake iliyotoa mwanga, ikatamka baraka pamoja na aya ya Biblia. Walioiweka walikusudia kuzusha mjadala, wala si kupata mbadala wa wachungaji. Basi na tujadili.

Kwamba watu huyapokea matendo ya mashine kana kwamba yana nafsi nyuma yake si jambo geni. Programu ya ELIZA, aliyoitangaza Joseph Weizenbaum mwaka 1966, ilirudisha tu maneno ya msemaji kwa namna ya maswali. Hata hivyo katibu wake mwenyewe alimwomba atoke chumbani ili azungumze nayo faraghani. Mikono iliyoinuliwa ina nguvu kupita maandishi.

Pingamizi linalosikika upesi ni hili: roboti haina moyo, kwa hiyo baraka yake ni tupu. Sisi Walutheri hatuna budi kulitumia kwa hadhari. Ungamo la Augsburg, kifungu cha 8, linawakataa Wadonatisti na kukiri kwamba Neno na Sakramenti vina nguvu hata vikitolewa na watu waovu. Kama baraka ingetegemea hisia za mbarikiaji, ni ibada ngapi zingefungwa bila baraka! (Wako wachungaji wanaoitamka huku wakitafuta funguo za gari.)

Hoja yenye uzito zaidi imo katika kifungu cha 14: asiyeitwa ipasavyo asihudumu hadharani. Mchungaji mwovu aliitwa, naye aweza kuonywa, kusimamishwa, kutubu. Roboti haiwezi kuitwa wala kujibu kwa ajili ya kundi.

Kasoro kubwa ya kazi hii, kwa maoni yetu, ni kile kioo. Katika Hesabu 6 Bwana mwenyewe anawapa Haruni na wanawe maneno ya kusema, na Israeli hawaulizwi wapendelea yapi. Wittenberg, mbarikiwa ndiye aliyeagiza.