Takhmisi ya Wimbo wa Tabora

Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilitua Unyanyembe, na hapo Kiswahili cha pwani kikajenga makao. Si ajabu, basi, kwamba bendi iliyoimba "Rangi ya Chungwa" ilijiita Nyanyembe Jazz, wala kwamba mji huohuo wa reli na miembe ulizilea Tabora Jazz na Kiko Kids. Salum Zahoro, kiongozi wa Kiko Kids tangu miaka ya 1950, alisikika tena katika Shikamoo Jazz, bendi ya wakongwe iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1993 na kupiga Uingereza mwaka 1995. Wimbo wa ujanani ukipigwa kwa mtindo wa uzeeni, je, ni uleule?

Wimbo wa zamani ulibanwa na santuri, dakika tatu hivi kila upande. Maneno yalitangulia, gitaa likajibu. Dansi la miaka ya 1980, lililorekodiwa redioni kwa kanda, lilirefuka na kugawanyika: uimbaji wa polepole, kisha chemko. Anayeutia wimbo mkongwe katika kalibu hiyo huziharakisha beti ili alifikie chemko. Chungwa humenywa, likatupwa, watu wakachezea maganda.

Washairi wa pwani walilitatua jambo hili zamani. Katika takhmisi, kama ile aliyoitunga Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir juu ya mashairi yanayonasibishwa na Liyongo, mtunzi wa baadaye huongeza mishororo mitatu, lakini huitanguliza. Miwili ya asili ndiyo ifungayo ubeti, bila kuguswa. Mgeni hutandika jamvi. Mwenye nyumba huingia mwisho.

Bendi za zilipendwa hufanya kinyume. Laiti gitaa na saksafoni zingetangulia, zikazunguka hata robo saa, ndipo vina vya kale viingie kwa mwendo wao wa taratibu, pasipo kinanda cha umeme kuvifunika! Kikwazo ni ukumbi: aliyelipa kiingilio acheze hatakubali kungoja, na mwenye baa naye ana vinywaji vya kuuza. Pengine pa kuanzia ni studio, au jioni ya mashairi, ambako viti hupangwa mpaka mbele ya jukwaa na hakuna aliyekuja na viatu vya kuchezea.