Historia kwa Mizani Nane

Basi la Kusini likishaondoka Mbagala Rangi Tatu hushika Barabara ya Kilwa, likapita Mkuranga na Kibiti, likavuka Rufiji na kuelekea nchi ya Wamatumbi. Huko ndiko wakulima wa Nandete walikong'oa pamba waliyolazimishwa kulima, Julai 1905, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alivitungia vita hivyo utenzi, uliochapwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1957. Wengi wetu huku Mbagala tuna ndugu upande huo, lakini utenzi wenyewe tumewaachia wasomi wa vyuo. Tumejinyima uhondo.

Ubeti wa utenzi una vipande vinne, kila kipande mizani 8. Vitatu vya kwanza hufanana vina. Cha nne hubeba kina cha bahari, kinachorudi ubeti baada ya ubeti hadi tamati. Jaribu mwenyewe: "Mbagala hadi Mohoro". Hesabu silabi, ni 8 kamili. Ondoa "hadi" utie "mpaka", zinafika 9 na ulimi unajikwaa. Sema "Mbagala mpaka Kilwa", mizani zinatulia tena. Sasa mtwike mtunzi majina ya watu na miji, safari za majeshi, hofu ya raia na hukumu za wakubwa, kwa mamia ya beti, na kina cha bahari kisipotee hata mara moja. Huo ndio ufundi ninaousifu.

Wala masharti hayo hayakuwa madoido. Yalilinda habari. Mghani akiruka neno, kipande kinapungua na wasikilizaji wanamshtukia. Asiyejua kusoma alibaki na historia kichwani mwake, imefungwa kwa vina.

Zaidi ya hapo, tenzi zinatupa upande wa pili wa kesi. Mwaka 1888 watu wa Mrima, yaani pwani, walipoipinga kampuni ya Wajerumani, Wajerumani wenyewe waliyaita mapambano hayo maasi ya Waarabu. Hemed bin Abdallah al-Buhriy, mtu wa pwani, aliyatungia Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, na jina hilo peke yake, Wadachi wakiwa ndio Wajerumani, linasema nani alivamia nchi ya nani. Naye ana upande wake, kwa hiyo asomwe kama shahidi: kwa heshima na kwa maswali. Shaaban Robert alipotaka kusimulia Vita Kuu ya Pili, aliuchukua ufundi uleule katika Utenzi wa Vita vya Uhuru.

Watu husema lugha ya utenzi ni ngumu. Ni kweli, ukiusoma kimya kama gazeti. Usome kwa sauti. Neno usilolijua lipitishe, mara nyingi ubeti unaofuata utalifungua.

Shuleni watoto wetu hukariri sababu za Maji Maji katika somo la historia, kisha katika Kiswahili wakakariri maana ya vina na mizani, kana kwamba mambo hayo hayajawahi kukutana. Mtoto wa Mbagala anayeshika singeli nzima kwa kuisikia mara mbili hashindwi na utenzi. Mwalimu mmoja mwenye nakala moja na kipindi kimoja anaweza kumfundisha yote mawili kwa mpigo.