Lango la 'NA-SI' litampoteza mwanafunzi

Majuzi nilipewa mswada wa kitabu cha saketi za kidijitali kwa Kiswahili niutathmini. Nampongeza mwandishi kwa ujasiri wake. Hata hivyo, sura ya malango ya mantiki imenikera, na kosa lenyewe ni la lugha kabla ya kuwa la uhandisi.

Mwandishi ana lango la NA, la AU na la SI. Hadi hapo, sawa. Kisha analeta lango linalotoa 0 pale tu ambapo maingizo yote mawili ni 1, na kuliita 'NA-SI', yaani NA iliyobandikwa SI mkiani.

Hebu msikilize Mswahili anavyokanusha. 'Juma na Asha hawakufika' maana yake hakufika hata mmoja. Hilo ni lango jingine kabisa! Lango linalokusudiwa linasema: 'Si kweli kwamba Juma na Asha wote wamefika.' Akikosekana mmoja tu, kauli imetimia. Basi SI itangulie: 'SI-NA'. Atakayesoma 'sina' na acheke, lakini hatapotea.

Kosa la jina limezaa jingine. Mswada unadai kuwa lango hilo huundwa kwa kuchukua NA na kuiongezea SI. Kwenye karatasi, sawa. Ndani ya chipu za CMOS, mambo ni kinyume. Humo transista hupangwa hivi kwamba ingizo likipanda, tokeo hushuka. Ukanushi huja bure. Lango la SI hutumia transista 2, la SI-NA lenye maingizo mawili 4, ilhali la NA ndilo huhitaji 6, kwani ni SI-NA iliyoongezewa SI. Anayefuata mswada atatumia 8 penye kazi ya 4.

Tena tunaambiwa kuwa kuboresha saketi ni kupunguza malango. Tazama '(A na B) au (C na D)'. NA mbili na AU moja ni transista 18. Sasa weka SI-NA mbili, moja ya A na B, nyingine ya C na D, kisha SI-NA ya tatu ipokee matokeo yao. Kwa kanuni ya De Morgan, jibu ni lile lile, kwa transista 12. Malango ni matatu kwa matatu, ila theluthi ya transista imeokolewa.

Wapo watakaosema Kiswahili hakiyawezi haya. Kinayaweza, mradi mtafsiri akijue kitu kabla ya kukipa jina. Nimependekeza mswada urekebishwe, usitupwe.