Seva ya Miamala: Ubora Wake Katika Kuwaka na Kuzimwa

Seva za miamala zikiwa kazini, nzuri na mbovu hufanana. Hutofautiana zinapowashwa na zinapozimwa. Wakala wa fedha za simu wa Manyamanyama, mjini Bunda, anapomwekea mteja shilingi 20,000, floti ya wakala, yaani salio analotumia kuhudumia wateja, hupungua na salio la mteja huongezeka. Hatua hizo mbili ni muamala mmoja: zitimie zote au isitimie hata moja. Umeme ukikatika katikati, huko kwenye chumba cha seva kilicho mbali na Bunda, ndipo kazi ya fundi aliyeiunda seva hujulikana.

Cha kwanza kutazamwa ni daftari la matukio, yaani faili ambamo kila badiliko huandikwa kabla kanzidata yenyewe haijaguswa. Seva iliyoundwa vizuri haimjulishi mteja kwamba muamala umekamilika mpaka maandishi hayo yawe yamekaa kwenye diski, si kwenye kumbukumbu ya muda inayofutika umeme ukiondoka. Ziko zinazoruka hatua hii ili zisifiwe kwa kasi. Kasi hiyo ni hasara inayosubiri siku yake.

Seva inapowaka baada ya kuanguka, hulisoma daftari. Utaratibu unaoigwa sana ni ARIES, uliochapishwa na watafiti wa IBM mwaka 1992: kwanza kuchambua kilichokuwa kikiendelea, kisha kurudia yaliyoandikwa, mwisho kutengua yasiyokamilika. Tuseme daftari lina mistari mitatu: muamala umeanza, wakala amepunguziwa 20,000, mteja ameongezewa 20,000. Mstari wa nne, wa kuthibitisha, haupo. Basi wakala anarudishiwa floti yake, na salio la mteja linabaki lilivyokuwa. Mstari huo ukiwepo, mteja anapata fedha zake hata kama kanzidata ilikuwa haijaandikwa lolote. Umeme unaweza kukatika tena wakati wa ufufuaji huohuo, nayo seva bora huanza upya bila kumwongezea mtu mara mbili. Ni rahisi kusahau kulijaribu hilo.

Pagumu zaidi ni muamala unaogusa seva mbili, kwa mfano fedha zinazotoka kwenye simu kwenda benki. Upande mmoja ukianguka baada ya kusema uko tayari, na kabla haujasikia uamuzi, hauna haki ya kukisia. Ukiwaka unapaswa kuuliza, na salio husika libaki limefungwa mpaka jibu lije. Seva inayojiamulia ili kumaliza haraka haina ufundi.

Seva inapowaka, mlango wa wateja hufunguliwa mwisho kabisa. Kanzidata ya PostgreSQL, kwa mfano, humkatalia anayebisha mapema na kumweleza kuwa mfumo bado unawaka. Kukataliwa huko ni dalili njema.

Wakati wa kuzima, mlango huo ndio hufungwa kwanza. Kisha miamala iliyo njiani humalizwa au hutenguliwa, kanzidata husawazishwa na daftari, na faili hufungwa. Kanzidata ya Oracle hutoa njia kadhaa: NORMAL husubiri kila aliyeunganishwa aondoke, na inaweza kusubiri mpaka asubuhi; IMMEDIATE hutengua yasiyokamilika na kufunga; ABORT hukata tu, na kuachia uwashaji unaofuata usafi wote. Seva pia haina budi kujua muda iliopewa: Docker, programu ya kuendeshea seva, kwa kawaida hutuma ishara ya kusimama, husubiri sekunde 10, kisha huua. Ufungaji safi huhitajika pia seva zinapohamishwa: seva za M-Pesa, huduma ya fedha za simu ya Kenya, zilikuwa Ujerumani hadi zilipohamishiwa Kenya mwaka 2015.

Maelezo ya muuzaji hayatoshi kuthibitisha haya. Seva ya majaribio ipewe miamala mingi ya kuhamisha fedha kati ya akaunti, kisha waya wa umeme ung'olewe ghafla, tena na tena, pamoja na wakati inapowaka. Baada ya kila jaribio masalio yote yajumlishwe, na kila uthibitisho uliomfikia mteja utafutwe kwenye kanzidata. Jumla ikipungua au kuzidi hata shilingi moja, au uthibitisho mmoja ukakosekana, seva hiyo haifai kushika fedha za watu, hata ikiwaka kwa sekunde mbili.