Mpangaji Asiye na Kadi: Uhakiki wa Jukwaa la Heroku

Anayetafuta chumba cha kupanga hapa Makindye huuliza maswali machache kabla ya kutoa pesa. Maji yanatoka kila siku? Umeme una mita yake ya Yaka au ni wa kuchangia? Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mingapi mbele, na akitaka chumba chake atanipa notisi ya muda gani? Katika insha hii nitaliuliza jukwaa la Heroku maswali ya namna hiyo. Heroku ni mwenye nyumba wa programu: mtu huandika programu yake, kisha hukodi nafasi kwenye kompyuta za jukwaa hilo ili watu waifikie kupitia intaneti. Hoja yangu ni kwamba nyumba hii imejengwa vizuri, ila mpangaji aliyefikiriwa na wajenzi wake ni mtu mwenye kadi ya benki na anayeishi karibu na seva. Mwanafunzi wa Kampala hayumo katika picha hiyo.

Tuanze na haki yake. Heroku ilianzishwa Marekani mwaka 2007 na James Lindenbaum, Adam Wiggins na Orion Henry, na Desemba 2010 kampuni ya Salesforce ilitangaza kuinunua. Kabla ya majukwaa ya aina hii, aliyetaka programu yake ionekane mtandaoni alilazimika kukodi seva, kuweka mfumo endeshi, kupanga ulinzi na kukesha akiiangalia. Heroku iliipunguza kazi hiyo hadi amri moja. Mwandishi hutuma msimbo wake kwa kutumia Git, na jukwaa huupokea, hutambua lugha iliyotumika, huandaa kila kinachohitajika na kuiwasha programu. Kwa mwanafunzi, huo ni msaada mkubwa, kwa sababu unamwachia muda wa kufikiria tatizo alilokusudia kulitatua.

Udhaifu wa kwanza uko mlangoni, yaani kwenye malipo. Watu wengi wa Kampala hulipa kabla ya kutumia. Umeme wa Yaka hununuliwa kwanza na ukiisha taa huzima. Bando la intaneti hununuliwa la siku, la wiki au la mwezi. Hata kijana anayeuza rolex pale Kibuye hupokea malipo kwa MTN MoMo au Airtel Money. Heroku hufanya kinyume: mteja wa kawaida huandikisha kadi ya benki, hutumia huduma, kisha hukatwa pesa mwisho wa mwezi. Chumba cha bei nafuu kisicholala ni dola 7 kwa mwezi, na hifadhidata ndogo kabisa ni dola 5. Jumla yake ni zaidi ya shilingi 40,000 za Uganda. Kwa mwanafunzi si pesa kidogo, lakini kikundi cha wanafunzi wanne kinaweza kuzichanga. Kikwazo ni kwamba wakishazichanga, pesa hizo ziko kwenye simu, na mlango wa Heroku hauzitambui.

Zamani kulikuwa na mlango mwingine. Heroku ilikuwa na huduma ya bure, na wanafunzi wengi duniani walijifunza kupitia hiyo. Agosti 2022 kampuni ilitangaza kuiondoa, na ilipofika tarehe 28 Novemba mwaka huo huduma hiyo ilifungwa. Sababu iliyotolewa ni kwamba wahandisi walikuwa wakitumia nguvu nyingi mno kupambana na matapeli waliojificha katika huduma ya bure. Siibezi sababu hiyo. Nafasi ya bure kwenye kompyuta huvutia watu wa kila aina, na mwenye nyumba ana haki ya kufukuza wezi. Ninachokihoji ni dawa aliyoichagua. Kwa kuacha kadi peke yake mlangoni, aliwafungia nje matapeli pamoja na wanafunzi. Malipo ya kabla kwa pesa za simu yangewatenganisha: tapeli hapendi kulipa kwanza, na laini ya simu hapa Uganda husajiliwa kwa kitambulisho. Mwanafunzi naye angelipa shilingi 10,000 na kutumia mpaka ziishe, kama afanyavyo kwa umeme.

Hata anayelipa hana raha kamili. Mpango wa dola 5 kwa mwezi, uitwao Eco, huizima programu isipotembelewa kwa dakika 30. Mgeni anayefuata hungoja hadi iamke. Mhandisi huona hapo sekunde chache tu. Mtumiaji anayelipia bando kwa megabaiti huona ukurasa mweupe, na anaweza kuufunga akiamini kwamba programu imekufa.

Udhaifu wa pili ni umbali. Mteja wa kawaida wa Heroku huchagua kati ya maeneo mawili: Marekani, yaani Virginia, au Ulaya, yaani Ireland. Kutoka Kampala hadi Virginia ni zaidi ya kilomita 11,000 kwa mstari ulionyooka, na hadi Dublin ni karibu kilomita 7,000. Mwanga ndani ya waya wa nyuzi huenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwa hiyo kila kilomita 1,000 huongeza milisekunde 10 za kwenda na kurudi, na waya wenyewe haunyooki. Ukurasa mmoja unaweza kuhitaji safari nyingi za namna hiyo. Mbaya zaidi, mgonjwa aliye Nsambya na kliniki iliyo Katwe, wote ndani ya Makindye, wakitumia programu iliyopangwa huko, ujumbe wao huvuka bahari mara mbili. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini na intaneti ya Afrika Mashariki ikadorora. Siku kama hiyo, majirani wawili hukosa kuwasiliana kwa sababu ya ajali iliyotokea maelfu ya kilomita kutoka kwao.

Udhaifu wa tatu unahusu mafaili. Diski ya chumba cha Heroku ni ya muda tu. Chumba huwashwa upya angalau mara moja kwa siku, na faili lolote ambalo programu ililiandika humo hupotea. Tuseme wanafunzi wametengeneza programu ya karakana ya Katwe, ili fundi apige picha ya kila geti alilochomelea. Majina ya wateja yatabaki, kwa kuwa yamo kwenye hifadhidata. Picha zitatoweka. Nyaraka za Heroku zinalieleza jambo hili wazi, na zinashauri mafaili yawekwe kwenye hifadhi ya nje kama Amazon S3. Ushauri huo ni sahihi kihandisi, ila hifadhi hiyo nayo inadai kadi. Kila dawa inamrudisha mwanafunzi kwenye mlango uleule.

Nini kifanyike? Kwanza, malipo ya kabla kwa pesa za simu, yenye onyo salio linapokaribia kuisha na muda wa kuhamisha data kabla ya chochote kufutwa. Pili, eneo la Afrika kwa wateja wa kawaida. Heroku huendeshwa juu ya kompyuta za Amazon, na Amazon ilifungua kituo Cape Town Aprili 2020, takriban kilomita 4,000 kutoka Kampala. Msingi upo, kilichokosekana ni uamuzi. Tatu, jukwaa limwonye mwandishi siku anapopandisha programu inayoandika mafaili kwenye diski ya muda, badala ya kumwachia nyaraka.

Wapo watakaosema kwamba kampuni ya San Francisco haina wajibu kwetu, na kwamba tujenge yetu. Nakubali nusu ya pili. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere wamekwisha jenga Crane Cloud, jukwaa la msimbo huria lililobuniwa kwa ajili ya mazingira yenye rasilimali chache. Hiyo ni hatua ya kujivunia, na wanafunzi wa kompyuta wanapaswa kuijaribu na kuihakiki kwa ukali huuhuu. Hata hivyo, kampuni inayouza huduma yake kwa dunia nzima inaweza kuulizwa kwa nini sehemu ya dunia haiwezi kuinunua.

Kwa kuhitimisha, hasara ya yote haya inaonekana katika miradi ya mwaka wa mwisho. Programu ya kliniki au ya karakana huwasilishwa mbele ya wahadhiri ikiwa ndani ya kompyuta ya mwanafunzi, hupewa alama, kisha hufungwa. Fundi na mgonjwa waliokusudiwa hawaioni kamwe. Nafasi ya kuipangisha programu hiyo kwa mwezi mmoja, ikilipiwa kwa simu, ingetosha kuwaonyesha wenyewe, na wao ndio wangesema kama inafaa.